Mkono Ulioifunga Etiketi

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Kifurushi cha Étienne kimefika. Hatimaye! Miezi mitano njiani. Kamba imefunguliwa na kufungwa tena mara tatu, biskuti zimeliwa. Diski na kadi wameziacha. Hawakujua zinaliwa na nini.

Étienne ni yule Mbelgiji aliyetufundisha kompyuta hapa shule ya masista. Mwaka jana alikwenda kwao likizo, akasema atarudi baada ya Pasaka. Hakutaja Pasaka ya mwaka gani. Alituachia mashine mbili, kubwa na ndogo, katika chumba chenye kufuli. Sasa ametuma diski ya mfumo mpya ambao watu wa dunia nzima wanauandika bure, kadi mbili za mtandao, waya wa mita kumi, na barua ya kurasa nane. Kurasa sita ni maelekezo. Mbili ni malalamiko juu ya baridi ya Liège. Maskini.

Ma Sœur Marceline, mkuu wa shule, alituita wawili, mimi na Clovis. Alisema Jumamosi ya tarehe 16 kamati ya wazazi itakutana. Atakayezifanya mashine zote mbili zizungumze zenyewe kwa zenyewe mbele ya kamati, huyo ndiye atakayekabidhiwa ufunguo wa chumba. Mwingine atashukuriwa.

Kushukuriwa! Nazijua shukrani za masista. Sala moja na kalenda ya mwaka uliopita.

Ufunguo ule lazima uwe wangu. Nina miaka ishirini na mbili, nina diploma ya serikali ya asilimia sabini na nane, na chuo kikuu cha Lubumbashi kinafunguka na kufungika kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini. Nikiukosa, mama ameshaniwekea kiti nyuma ya meza yake sokoni. Ameshakishonea na mto! Nitapima unga wa mahindi kwa kopo mpaka nizeeke, nikitafuta vipeo vya pili kichwani ili nisisahau.

Clovis alipata asilimia hamsini na tatu. Anaimba besi kwayani. Anatabasamu hata anapofungiwa mlango usoni. Ukimwambia kwamba mvua ya Likasi hunyesha kutoka chini kwenda juu, atakubali: "Njo vile, dada Laure, njo vile."

Siku tumegawana. Mimi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Yeye Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumatatu yangu ya leo imeliwa na hotuba ya kugawana siku.

Jumatano, 6 Novemba

Niandike jambo hili likae wazi, maana Clovis hatalielewa kamwe.

Mfumo una kiini. Kiini ndicho kinachoamsha mashine na kuijulisha viungo vyake: hii ni diski, hii ni kadi. Kabla ya kukipika kiini (Étienne ana neno lake la Kifaransa, mimi nasema kupika, kwa sababu kinachukua muda kuliko maharage makavu) mashine inakuuliza maswali. Zaidi ya mia mbili! Unataka hiki? Unataka kile? Unajibu ndiyo au hapana. Hakuna kurudi nyuma. Ukikosea swali la mia na tisini, unaanza tena la kwanza, kama rozari ya mtu aliyesinzia.

Clovis jana alijibu ndiyo kwa maswali yote. Yote! Alitaka viungo vya mashine ambazo hajaziona, ambazo hazipo Afrika, ambazo pengine hazipo. Alipika mchana kutwa. Kiini kikatoka kinene mno, mashine ikakataa kukibeba. Alitabasamu.

Kwa sababu hiyo leo Ma Sœur alikuja kukaa nyuma yangu na kitambaa chake cha kufuma. Akaniambia nimtafsirie swali la kwanza kabisa. Nikamtafsiria: mashine inauliza kama tunataka kuonyeshwa pia vitu ambavyo waandishi wake hawajavimaliza. Ukijibu hapana, vinafichwa, havitaulizwa tena. Ukijibu ndiyo, vinatokea pamoja na vingine, kila kimoja kikiwa na etiketi, yaani kibandiko cha neno, kwenye mabano. Ni neno letu la Kifaransa, expérimental, wamelinyang'anya tu kimkato chake juu ya e. Hata hicho hawakukimaliza.

Ma Sœur alisimamisha sindano. Alisema katika nyumba hii kuna vitu visivyokwisha vya kutosha, hahitaji vingine kutoka ng'ambo. Swali la kwanza: hapana. Kwa wote wawili. Akaandika kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya mashine: KISICHOKWISHA HAKIINGII HUMU.

Nilijibu hapana. Nikajibu mengine kwa akili. Nikaanza kupika saa nne. Saa tisa umeme ukakatika, kiini kikiwa karibu kuiva.

Nililia kidogo. Kwa hasira, si kwa huzuni.

Alhamisi, 7 Novemba

Siku ya Clovis. Nilipita dirishani kwa bahati. Mara nne. Anajifunza! Alikuwa na kamusi. Anasoma maelezo ya kila swali huku akifuatisha mistari kwa kidole. Polepole, lakini anasonga. Umeme, kwa dharau, haukukatika hata dakika moja.

Akifika kwenye kadi ya mtandao, ndiyo yake moja tu itatosha. Na Clovis ni hodari wa ndiyo.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku kubwa! Nina mpango.

Asubuhi baba alikuwa akipiga pasi koti lake la kazi. Baba yangu, Évariste, ni fundi umeme kiwandani, mwaka wa ishirini na sita huu. Hakuna madini ya kusafisha kiwandani tangu mwaka juzi, lakini anakwenda. Anasema mashine ikiachwa peke yake inajisikia vibaya. Nilimwuliza kwa nini jana walirudi mapema. Akasema ni kwa sababu ya pampu namba nne.

Pampu namba nne ina etiketi. Kadi nyekundu yenye waya, na juu yake hali ya mashine, jina la fundi, tarehe, saa. Fundi akikuta kosa kwenye mashine anafunga etiketi, na tangu hapo hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa, hata mkurugenzi. Mkono ulioifunga ndio utakaoifungua. Na siku ya kuifungua fundi husimama mbele ya wenzake, akataja kwa sauti kosa lilikuwa nini na amelitengenezaje. Etiketi ya pampu namba nne ilifungwa na fundi mzee, papa Casimir, mwaka 1992. Wiki hiyohiyo papa Casimir akafa kwa malaria. Miaka minne sasa idara nzima haina maji. Injinia aliwaomba waifungue. Walimjibu: "Mukono ya Casimir njo ilifungaka."

Nilimwambia baba kwamba huo ni upuuzi mtupu. Hakukasirika. Alisema kuna upuuzi mmoja tu mkubwa kuliko huo: kufunga etiketi pasipo kosa. Mwaka 1978 Arsène mmoja alifunga etiketi kwenye winchi ili apate mahali pa kulala. Mpaka leo ukoo wake huko Kamatanda unaitwa kwa Arsène Etiketi. Wajukuu wanaolewa na jina hilo.

Nilikuwa natembea kwenda shule, mvua inaninyeshea, ndipo wazo likanijia. Nikasimama barabarani kama Paulo wa Dameski.

Maswali ya mashine yameandikwa kwenye faili. Faili ni maandishi tu. Maandishi yanabadilishwa! Vitu visivyokwisha vimezungushiwa uzio wa mistari miwili: kama swali la kwanza lilijibiwa hapana, ruka. Basi nikalichukua swali la kadi yetu ya mtandao, kadi nzima, kadi isiyo na kasoro, nikalihamishia ndani ya uzio. Nikaliongezea na etiketi, kama wenzake. Nimeiandika kikamilifu, kama mtoto wa fundi. Baba alinifunza nikiwa na miaka minane, siku nilipofunga kadi nyekundu kwenye baiskeli ya kaka yangu: etiketi ina mambo manne, ikipungua moja ni takataka.

Sasa Clovis atajibu hapana kwa swali la kwanza, kwa utii, na hataulizwa kabisa habari ya kadi. Atatafuta mpaka afe. Mimi siku zangu nitaondoa uzio, nitapika, nitarudisha uzio.

Tazama jinsi ilivyo safi! Sijaharibu kitu. Sijasema uongo kwa mtu. Nimesema tu kwamba kitu hakijaisha. Nani katika nchi hii atanikanusha?

Jumamosi, 9 Novemba

Dirishani tena. Clovis amepika kiini kinachowaka vizuri kabisa. Kinaamka, kinasalimu, hakijui kwamba kuna kadi. Clovis alichomoa kadi akaipuliza. Akairudisha. Akaipuliza tena. Saa nane nzima anaipuliza kadi kama mama anayemtibu mtoto jicho.

Alipotoka aliniona. Akaniambia pole na masomo. Akasema: "Kadi inanikatala, dada Laure. Labda ni minye sijue." Nikamwambia labda.

Nilikula vizuri leo.

Jumatatu, 11 Novemba

Balaa! Na nimeliita mwenyewe.

Nilifika mapema, Ma Sœur yuko mlangoni. Amewaza Jumamosi na Jumapili yote juu ya zile etiketi. Amezitafakari wakati wa misa. Alisema hao waandishi wa mfumo, hata kama ni Waprotestanti, ni watu wa kweli. Mtu ametengeneza kitu, hajakimaliza, naye anaandika juu yake kwamba hajakimaliza! Aliniuliza kama nimewahi kuona mtu wa Likasi akifanya hivyo. Daraja, barabara, kisima, ahadi. Nani aliandika?

Nikasema hakuna. Ndilo lilikuwa kosa langu. Akafungua kabati, akatoa boksi la kadi nyekundu alizopewa na wazazi wa kiwandani, akasema mwandiko wangu ndio mzuri kuliko wote.

Siku nzima! Siku yangu! Nimeandika etiketi sitini. Paa la darasa la nne: bado. Kisima: bado. Maabara isiyo na chupa: bado. Kwa mwalimu wa hesabu niliona taabu kidogo. Mwalimu wetu wa kweli aliondoka kwa treni mwaka 1993 pamoja na watu wote wa Kasai, wakiwa wamekaa juu ya magodoro yao, na tangu hapo hesabu inafundishwa na mwalimu wa mazoezi ya viungo. Anawafundisha watoto kuhesabu kwa kuruka. Nilimwuliza Ma Sœur kama naye tumfunge. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Akasema tuanze na vitu.

Mlinzi, papa Benoît, aliomba moja kwa ajili ya Serikali ya Mpito. Miaka sita ya mpito, alisema, na hakuna aliyepita. Tulicheka. Kisha nikakumbuka kwamba kompyuta ilikuwa imekaa bure mchana kutwa, umeme upo.

Jumatano, 13 Novemba

IMEZUNGUMZA!

Niliondoa uzio saa mbili. Ma Sœur alikuwa kwenye mkutano. Nikapika mpaka saa nane, mkono mmoja kwenye rozari, mwingine kwenye kiti. Umeme ulipepesa mara mbili, nikauapiza, ukatulia. Kiini kikaiva. Nikakinakili kwenye disketi, nikaamsha mashine kubwa, nikaamsha ndogo. Waya. Nikaandika kwenye kubwa: Jambo weye. Nikakimbilia ndogo. Ilikuwa pale. Jambo weye, kwa herufi za kijani, kama mtu aliyezaliwa akiwa na miaka thelathini.

Nilikaa nikaitazama. Kwa dakika chache sikuchukia mtu yeyote. Hali ngeni. Sikuipenda.

Kisha nikarudi kazini. Nikafuta kiini changu katika mashine zote mbili, Clovis asikikute kesho. Nikarudisha uzio na etiketi yake kama vilivyokuwa, neno kwa neno. Kiini kiko kwenye disketi moja tu, na disketi iko kwangu. Jumamosi nitaitia, nitaamsha, nitapokea ufunguo.

Nimeificha nyumbani mahali ambapo mdogo wangu Glodie hawezi kuchezea: nyuma ya redio ya baba. Redio ile hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa. Baba anasikiliza habari za vita vya mashariki, sikio limebanwa kwenye spika kubwa kama sinia.

Alhamisi, 14 Novemba

Jambo la ajabu. Clovis alikaa mbele ya mashine siku nzima bila kugusa kitu. Mikono mapajani. Nilipita mara saba. Mtoto wa darasa la pili alipoingia akanyosha kidole kwenye kibodi, Clovis alimzuia kwa upole, akamwonyesha kioo cha mashine, akamweleza jambo kwa sauti ya chini. Mtoto akaondoka kwa kunyata.

Amekata tamaa. Anasali. Maskini Clovis, asilimia hamsini na tatu!

Ijumaa, 15 Novemba

Disketi imekufa.

Nimeitia mara ishirini. Mashine inaisoma, inakohoa, inasema hakuna kitu. Nikaenda kumwuliza baba, kwa mzunguko, kama kitu kikikaa nyuma ya redio kinaweza kudhurika. Baba akaniuliza kitu gani. Nikasema mfano tu. Akasema spika ile ina sumaku ya kunyanyua nyundo. Akaniletea nyundo, akanionyesha! Alifurahi sana. Miaka mingi sijamwuliza habari za kazi yake.

Nilikimbia kurudi shule. Saa sita umeme haukuwapo. Saa saba, hakuna. Ulirudi saa nane na nusu. Uzio, maswali mia mbili, kupika. Saa kumi na moja jioni ukaondoka tena. Papa Benoît alinikuta nimekaa sakafuni. Alisema: "Mama, enda ku nyumba. Umeme nayo iko na etiketi yake."

Si kitu. Nimerudisha uzio kwa dakika tano za umeme uliorudi kunicheka. Kesho sina kiini, lakini Clovis naye hana. Tutakuwa sare, Ma Sœur atarefusha muda, na mimi nitashinda. Mwenye asilimia sabini na nane hushinda sare.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika haraka, kabla sijaanza kuipamba.

Kamati ilikuja yote. Wazazi thelathini, karibu wote watu wa kiwandani, makoti yamepigwa pasi. Baba mstari wa kwanza. Ma Sœur aliniita kwanza. Nikaeleza kwa Kifaransa kizuri sana kuhusu umeme, sumaku na udhaifu wa disketi. Wakatikisa vichwa kwa huruma. Vizuri. Akamwita Clovis.

Clovis alisimama, akasema yeye ni mkosaji. Alhamisi alivunja amri ya ukutani. Kadi ilikuwa imemshinda, akaona ajibu ndiyo kwa swali la kwanza, si kwa kuweka kitu, ni kwa kuangalia tu kama kadi imejificha kule. Naye aliikuta. Akaamsha mashine, akapitia maswali mpaka pale, akasogea pembeni watu wasome. Kioo cha mashine kubwa kilikuwa cheupe kama shuka. Baba alivaa miwani.

Kadi ya mtandao. Bado jaribio. Laure K., 8/11/96, saa 9.20.

Mambo manne. Kikamilifu.

Sijui kwa nini niliandika jina. Mikono iliandika! Miaka kumi na minne mikono hii inaandika etiketi kwa namna moja.

Nilingoja aseme mwizi, aseme mchawi. Mjinga yule! Aligeuka kwa kamati, uso umejaa heshima, akasema: "Ba papa, minye ni mutoto ya kiwanda. Dada Laure alionaka kosa mu kadi, akafunga etiketi, akatia jina. Minye ningejibu ndiyo tu, ingepita. Lakini ni etiketi ya muntu. Sikugusa. Nilikaa, nikangoja amalize kazi."

Angejibu ndiyo mara moja tu! Mtu ambaye maisha yake yote hajui neno jingine! Kadi ingewaka, mashine zingezungumza, ufunguo ungekuwa wake tangu Alhamisi. Alikaa saa nane mikono mapajani ili asiiguse etiketi yangu.

Wazazi walinguruma kwa kuridhika. Mzee mmoja wa tanuru alisema mbona vijana kama hawa hawasemwi redioni. Walimpongeza yeye, wakanipongeza na mimi! Nilipata nusu dakika ya heshima kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na kwa nusu dakika hiyo niliamini kwamba ninaistahili.

Halafu baba akasimama. Alivua miwani. Hakupandisha sauti. Alisema basi mkono ulioifunga uko hapa, uifungue mbele ya wenzake, na utaje kosa.

Matone ya mvua kwenye paa la darasa la nne, bado.

Nilifikiria makosa. Joto, nikasema. Baba aliuliza joto la digrii ngapi. Nikasema unyevu. Aliuliza umeupimaje. Nikasema nilikuwa na shaka. Baba akasema shaka si kosa, shaka unaiandika shaka. Kisha akaniuliza, polepole, kama anauliza habari ya mgonjwa: "Laure. Kadi ilikuwa na kosa?"

Ningeweza kusema uongo kwa Ma Sœur. Ningeweza kusema uongo kwa Papa wa Roma. Lakini baba alikuwa ameshika kofia yake ya kazi.

Nikasema hapana. Haikuwa na kosa.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Makoti thelathini yalijinyosha kwa pamoja kwenye viti. Mtu nyuma alitaja jina la Arsène, si kwa sauti. Baba alikaa, akaanza kukunja miwani, na hakuacha kuikunja.

Nilifungua etiketi. Nikaondoa uzio, mbele yao wote, mstari kwa mstari. Clovis akapika, umeme ukatii mpaka mwisho, kamati ikangoja ikila maharage ya masista. Saa kumi mashine ndogo ikasema Asante Ma Sœur. Walipiga makofi. Alipewa ufunguo. Akaniambia, akitabasamu, na nawaapia hakuna hila ndani ya tabasamu lile, ndicho kinachochukiza: "Bila weye singejua kama kadi iko ku fasi gani, dada Laure."

Mimi nilishukuriwa. Sala moja. Kalenda ni ya mwaka 1994.

Jumapili, 17 Novemba

Baba alikwenda kiwandani. Jumapili!

Watoto watatu wa mtaani walinisalimu mlangoni: Jambo, Laure Etiketi. Mama alisema jina hilo halitaharibu biashara, watu watakuja mezani kuniona. Ameuanika ule mto wa kiti juani.

Jumatatu, 18 Novemba

Ma Sœur amenipa adhabu: nitembee shule nzima nikague etiketi sitini nilizoziandika, kila moja kama ina kosa la kweli. Zote zinayo. Nchi hii haimwangushi mtu.

Nimetafakari sana kuhusu Jumamosi, kwa unyofu, kama mtu anayeungama. Nimeona kosa langu. Lilikuwa moja tu. Sikukosea kufunga. Nilifunga mahali padogo. Kadi! Nani anahangaika na kadi?

Boksini ilibaki kadi moja nyekundu, na waya.

Saa mbili kasorobo nimeifunga kwenye kufuli la chumba cha mashine.

Saa mbili Clovis alikuja na ufunguo wake mpya shingoni, ameufunga kwa utepe. Aliiona. Akasimama. Akaisoma mpaka mwisho, midomo ikicheza. Akasema njo vile, dada Laure, chukua muda yako. Sasa amekaa kizingitini, mikono mapajani. Papa Benoît amekaa naye. Ma Sœur alifika, akaanza kunyosha mkono, wakamzuia wote wawili kwa upole. Clovis ana ufunguo, mimi nina etiketi. Tuone nani ataingia.

Mimi niko darasa la nne, chini ya matone, natafuta kosa la kufuli. Nimepewa mpaka saa sita nilitaje, la sivyo watamwita baba. Kutu, labda. Kutu inapimwaje?

Jina nimeliandika, bila shaka. Na tarehe, na saa. Ikipungua moja ni takataka.